Kadodi, Garba na Sahani ya Santuri

Agosti ya mwaka 1972 Mbale ilikuwa na ngoma. Wagisu wa Mlima Elgon hutahiri vijana wao kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na msimu wa imbalu hufunguliwa mwezi wa Agosti. Mwaka ule, basi, ulikuwa mwaka wa jando. Kadodi, ngoma ya jando hilo, haina jukwaa. Wapigaji huzivaa ngoma shingoni na kutembea nazo kijiji hadi kijiji, mtaa hadi mtaa, huku mtahiriwa akicheza mbele na ndugu, majirani na watoto wa njiani wakimfuata. Mtu aliyekulia Mbale, awe Mgisu, Mteso, Mnubi au Mhindi, hafundishwi mapigo hayo. Huyajua kabla hajajua kusoma.

Tarehe 4 ya mwezi huohuo, katika kambi ya jeshi ya Tororo, mwendo mfupi wa gari kutoka Mbale, Idi Amin aliwaambia askari wake kwamba Waasia wenye pasi za Uingereza wataondoka Uganda. Walipewa siku 90. Mwisho ukawa tarehe 8 Novemba. Amri ile ilipanuka na kubadilika wiki hadi wiki, na hata waliokuwa raia wa Uganda walijikuta vyeti vyao vikikataliwa mezani.

Chukua kalenda ya mwaka ule uihesabu. Navratri, sikukuu ya Wahindu ya usiku tisa, iliangukia Oktoba, katikati ya zile siku 90. Kwa Wagujarati huo ndio wakati wa garba, pale wanawake wanapocheza kwa duara, wakipiga makofi na kuzunguka taa. Diwali ilifika siku chache tu kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa hiyo familia ya Kigujarati iliyokuwa bado Mbale mwezi ule ilikuwa na ngoma mbili za kuagana nazo: kadodi ya majirani iliyopita mlangoni, na garba ya kwao wenyewe.

Nusu karne baadaye, vijana wa Uingereza, Kanada na Marekani wenye damu ya watu hao wameshika mashine za DJ na kutafuta urithi wao ndani ya sahani za santuri. Wengi wao hutazama India na Pakistani. Ninaifuata historia hii kwa sababu naamini kipande kikubwa cha wanachokitafuta hakiko Mumbai wala Lahore. Kiko Jinja, Mbale, Kericho na Mombasa.

Tuanze na reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu. Karibu 2,500 walifia kazini, na wapatao 6,700 ndio waliobaki Afrika Mashariki. Wenye maduka wengi wa Uganda, hata hivyo, hawakutokana na vibarua hao. Walikuja kwa nauli zao kutoka Gujarat, Kutch na Punjab, wakiifuata njia ambayo biashara ya Bahari ya Hindi ilikuwa imeifungua zamani. Mkubwa wao alikuwa Alidina Visram, mzaliwa wa Kutch, aliyefika pwani yetu angali mtoto wa miaka 12, akajifunza kazi Bagamoyo, kisha akapanga maduka kuifuata misafara na reli hadi Uganda. Alifariki mwaka 1916. Neno duka lenyewe lilitufikia kwa njia hiyohiyo ya bahari.

Mbale ilikua mji baada ya Semei Kakungulu kuweka makao yake pale mwanzoni mwa karne ya 20. Wafanyabiashara Waswahili, Waarabu na Wahindi walimfuata, na pamba ya tambarare pamoja na kahawa ya mlimani vikawapa kazi. Jinja ilipata bahati kubwa zaidi. Mwaka 1912 reli ya Busoga iliiunganisha na Namasagali. Mwaka 1930 Muljibhai Madhvani, aliyefika Uganda mwaka 1908 akiwa kijana wa miaka 14, alianzisha kiwanda cha sukari Kakira, nje kidogo ya mji. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth alifungua bwawa la Owen Falls, na umeme ukavuta viwanda. Ukitembea Main Street ya Jinja hata leo utasoma juu ya paji la nyumba majina ya familia na miaka ya ujenzi. Wenye nyumba waliandika kwa saruji, kama watu wasiotarajia kuhama.

Na muziki? Hapa ndipo hadithi inayosimuliwa Ulaya hupungukiwa. Husimuliwa kana kwamba Wahindi walikuja na tabla na harmoniamu zao, wakajifungia navyo, wakaondoka navyo. Ukweli ni kwamba njia ilikuwa na wapitaji wa pande zote mbili. Mwaka 1928 Siti binti Saad wa Zanzibar alivuka bahari hadi Bombay kuimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Sauti ya mwanamke Mwafrika akiimba taarab kwa Kiswahili iliingia kwenye sahani ya santuri katika ardhi ya India, kisha ikarudi kwetu ndani ya kasha la bidhaa. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na wanaousoma wanajua uzito wa safari ile.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia duka la Assanand na Wanawe la Mombasa likawa na lebo yake, Mzuri, iliyotoa nyimbo za Kiswahili. Huko Kericho, katikati ya mashamba ya chai, Arvindkumar Chandarana aligeuza duka la familia kuwa studio na lebo, na humo zikatoka benga za Wajaluo na nyimbo za Wakipsigis ambazo leo wakusanyaji wa Ulaya huzilipia fedha nyingi. Mfanyabiashara Mgujarati na mpiga gitaa wa Nyanza walikutana juu ya kaunta moja. Sisemi walikuwa sawa. Mmoja alikuwa na mashine na mwingine alikuwa na kidole, na malipo hayakugawanywa kwa haki kila mara. Lakini huwezi kuandika historia ya muziki wa Afrika Mashariki ukayafuta maduka hayo, wala huwezi kuandika historia ya Wahindi wa Afrika Mashariki ukaifuta benga.

Filamu zilifanya kazi kubwa kuliko santuri. Sinema za miji yetu ziliwafundisha watu wasiojua Kihindi kuimba Kihindi. Mombasa, Juma Bhalo alizichukua tuni za filamu akazivika mashairi ya Kiswahili sanifu, na taarab yake ikaitwa ya Kihindi bila mtu kuona ajabu. Alifariki Aprili 2014, na hadi leo kuna wazee wa Mombasa wakisikia wimbo wa mwimbaji wa filamu Lata Mangeshkar redioni husema huo ni wimbo wa Bhalo. Ninawaelewa.

Kakira nayo ina uzi wake katika kitambaa hiki. Mumtaz, mmoja wa waigizaji wakubwa wa filamu za Kihindi za miaka ya 1960 na 1970, aliolewa mwaka 1974 na Mayur Madhvani, mtoto wa yule Muljibhai wa sukari. Harusi ilifanyika miaka miwili baada ya familia kupoteza kila kitu Uganda. Kaka yake bwana harusi, Manubhai, alikuwa amefungwa katika gereza la Makindye mwaka 1972 kabla ya kuondoka. Kakira ilirudi mikononi mwao mwaka 1985.

Waliofukuzwa waliruhusiwa kutoka na pauni 50 hivi na mizigo ya ndege. Barabara ya kutoka Mbale hadi Entebbe inapita Iganga, Jinja na Kampala, na vizuizi vya askari vilijaa humo. Dhahabu ilichukuliwa, saa zilichukuliwa. Wengine walipanda treni kuelekea Mombasa ili wapande meli ya kwenda Bombay, na hao pia walipekuliwa njiani. Sahani ya santuri ni nzito, hupasuka, na haina bei kwa askari wala kwa mkimbizi. Nani atachagua kubeba sahani badala ya blanketi la mtoto? Nyingi zilibaki kwenye kabati, na kabati likapewa mtu mwingine pamoja na duka. Wimbo uliovuka ulivuka kichwani.

Karibu watu 28,000 walipokelewa Uingereza. Ndege ya kwanza ilitua Stansted tarehe 18 Septemba 1972, na wengi wakapelekwa kwenye kambi 16 zilizokuwa za jeshi. Siku tatu kabla ya ndege hiyo, Halmashauri ya Jiji la Leicester ilikuwa imelipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi Waasia wasije mjini kwao. Walikuja, tena kwa maelfu. Wahenga walisema mkataa kwao ni mtumwa. Hawakusema afanyeje mtu ambaye kwao kumemkataa, na anakokwenda nako kumeshamwandikia barua ya kumkataa.

Alichofanya ni kukodi ukumbi. Garba zilichezwa katika kumbi za shule na za viwanda za Leicester, na kwa miaka Navratri ya mji ule imehesabiwa miongoni mwa kubwa kabisa nje ya India. Mwaka 1976 kituo cha BBC Radio Leicester kilianza kipindi cha kila siku kwa Waasia wa mji, na kutokana na mbegu hiyo BBC Asian Network ilizaliwa mwaka 1988, ikaenea nchi nzima kwa njia ya dijitali mwaka 2002. Fikiria maana yake. Watu walioacha santuri zao Jinja walipata tena, kila jioni, mtu wa kuwawekea wimbo. Yule mtangazaji, aliyepangua rundo la sahani na kaseti kwa ajili ya watu waliopoteza zao, ndiye kwangu DJ wa kwanza wa historia hii, hata kama hakuna aliyemwita hivyo.

Kizazi kilichofuata kilitaka kucheza. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, wasichana na wavulana ambao wazazi wao hawakuwaruhusu kutoka usiku walijazana kwenye madisko ya mchana. Walitoka nyumbani na sare ya shule, wakabadilisha nguo njiani, wakacheza bhangra ya Kipunjabi iliyochanganywa na rege na hip hop, na saa ya kutoka darasani ilipofika wakarudi nyumbani na mikoba yao. Ma-DJ wa kumbi hizo walifanya jambo ambalo Kericho na Mombasa zilikuwa zimelizoea: walichukua tuni ya huku wakaiweka juu ya ngoma ya kule.

Mmoja wa watengenezaji wakuu wa sauti ya bhangra ya Uingereza alizaliwa kwetu. Kuljit Bhamra alizaliwa Nairobi mwaka 1959, akalelewa Southall, London, na tangu utotoni alimpigia tabla mama yake, Mohinder Kaur Bhamra, mwimbaji wa harusi za Wapunjabi. Katika harusi hizo wanawake walikuwa wakikaa pembeni, na bibi yule aliwahimiza wainuke wacheze. Mwaka 1982 mama na mwana walitoa albamu iitwayo Punjabi Disco: sauti ya mama, sintesaiza na mashine ya ngoma. Nakala zilikuwa chache, nayo ikasahaulika. Mwaka 2025 ilitolewa upya na Naya Beat, lebo ya Los Angeles inayoendeshwa na ma-DJ wawili, Ragz na Turbotito, ambao kazi yao ni kufukua muziki wa dansi wa Asia Kusini wa miaka ya 1980. Ndani ya vibao hivyo husikii mtu akitafuta asili yake. Unasikia mtu asiye na shaka nayo, anayejaribu mashine mpya. Wanaotafuta ni hawa wa leo, na ni vizuri kwamba wanachokipata ni kazi ya furaha.

Wengine walitafuta kupitia urithi wa nyumbani. Kieran Hebden, anayejulikana kwa jina la Four Tet, ni mtoto wa mama Mhindi wa Afrika Kusini na baba Mwingereza. Kwa miaka alijenga jina lake kwa muziki wa kompyuta. Kisha zikaja mikononi mwake rekodi za Kihindi za upande wa mama, na mwaka 2015 akatoa Morning/Evening, vibao viwili virefu vya dakika 20 hivi kila kimoja. Katika kile cha asubuhi sauti ya Lata Mangeshkar kutoka filamu ya Souten ya 1983 inaelea juu ya mapigo ya disko bila kukatwakatwa. Hilo la kutokatwa ndilo linalonigusa. Kazi ya DJ ni kukata, na yeye aliacha sauti ile ipumue kama mtu anayemsikiliza bibi yake akimaliza hadithi.

Mwaka 2020, wakati korona imefunga kumbi, vijana wa Uingereza wenye asili ya Asia Kusini walianzisha kundi la Daytimers, wakilipa jina la yale madisko ya mchana ya wakubwa wao. Kutoka kwao na kwa wenzao tumesikia mitindo ya garage na jungle ikifungwa fundo na Kipunjabi, Kibangla na Kitamil. Ni kazi nzuri na ninaisikiliza. Lakini ramani yao, mara nyingi, huchora mstari mmoja: Uingereza hadi Asia. Afrika hupitiwa juu kwa ndege.

Aliyeikataa ramani hiyo mapema ni kijana mzaliwa wa Kampala. Zohran Mamdani alizaliwa mwaka 1991, baba yake akiwa Mahmood Mamdani, msomi aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972 akarudi, na mama yake Mira Nair, mwongozaji wa filamu ya Mississippi Masala inayosimulia familia ya Kihindi iliyofukuzwa Uganda. Kabla ya siasa, Zohran alirap kwa jina la Young Cardamom pamoja na HAB, Mganda mwenzake. Wimbo wao Kanda (Chap Chap) unasifu chapati, na EP yao ya 2016, Sidda Mukyaalo, inachanganya lugha za Uganda na za Asia bila kuomba ruhusa ya mtu. Novemba 2025 alichaguliwa meya wa New York, na dunia ikazifukua nyimbo zile ili izicheke. Mimi nazichukulia kwa uzito. Chapati ni ushahidi bora kuliko pasi. Ilikuja na Wahindi, na leo kijana wa barabarani Mbale huikunjia mayai akaiita rolex, wala hakuna anayeiita chakula cha kigeni.

Jinja yenyewe sasa ni mji wa ma-DJ. Mwaka 2015 tamasha la Nyege Nyege lilianza kando ya Nile, kwa jina ambalo msomaji wa Kiswahili hulishtukia, ingawa kwa Kiganda linataja hamu ya ghafla ya kucheza. Mwaka 2022 lilihamia maporomoko ya Itanda. Lebo yake imefanya jambo kubwa kuliko tamasha: mwaka 2023 ilitoa albamu ya kundi la embaire la kijiji cha Nakibembe, Busoga. Embaire ni marimba makubwa yanayowekwa juu ya shimo lililochimbwa ardhini, na watu kadhaa hukaa pande zake mbili wakipokezana noti kwa kasi ambayo sikio halioni mwanya. Katika Busoga hiyohiyo, mjini Jinja, kuna nyumba zenye majina ya Kigujarati kwenye paji, na kando ya chanzo cha Nile kuna sanamu ya Gandhi, iliyozinduliwa mwaka 1997 na Waziri Mkuu wa India I. K. Gujral, kukumbuka majivu yake yaliyotiwa mtoni humo mwaka 1948. Yote haya yako katika eneo moja, na sijui kwa nini DJ wa Leicester ambaye bibi yake aliuza khanga Jinja aende Mumbai peke yake kutafuta kwao.

Kuna kosa jingine, nalo ni letu. Historia ya 1972 huku kwetu husimuliwa kama habari ya maduka: nani alinyang'anywa, nani alipewa, nani alirudishiwa. Mali ina daftari na mahakama. Sauti haina. Kuna Mgisu aliyejifunza kupiga harmoniamu kwa mwajiri wake, na kuna fundi wa redio aliyebaki na kabati la sahani asizoweza kusoma maandishi yake. Watu wa namna hii wana umri mkubwa sasa. Mtu aliyekuwa na miaka 20 siku ya tangazo la Tororo amevuka 70.

Basi ombi langu ni kwa pande mbili. Wewe uliye Mbale, Jinja, Tororo, Kericho au Mombasa, ukiwa na sahani ya santuri au kaseti yenye maandishi ya Kigujarati, Kipunjabi au Kihindi, usiitupe wala usiigeuze kifuniko cha mtungi. Ifute vumbi, andika ilikopatikana na jina la aliyekupa, na umkalishe mzee wako chini akueleze ilipigwa lini na nani alicheza. Nanyi ma-DJ mlio Leicester, London na Toronto, ambao mama zenu walizaliwa huku: kadodi ya mwaka ule wa 1972 ilikuwa yao pia. Imbalu hufunguliwa Mutoto, nje kidogo ya mji wa Mbale, mwezi wa Agosti wa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili. Njooni na vinasa sauti vyenu.